Moto wa Mzee Ngeleja

Siku ya tisa bila kusemeshwa na mtu, Maximiliana alijikuta anagombana na jiko.

"Na wewe umejiunga nao?" aliliuliza, akipuliza mabua ya pamba ambayo asubuhi hiyo yalikataa kabisa kushika moto. Moshi ukamwingia machoni. Akalipiga jiko teke, akaumia kidole, akakaa chini uani na kulia. Alilia kwa hasira zaidi kuliko maumivu, ingawa na maumivu yenyewe yalikuwepo.

Lilikuwa jiko banifu la udongo, la kwanza kujengwa kijijini Sapiwi. Yeye ndiye aliyeuleta mradi huo kutoka mjini Bariadi, na kwa miezi kumi na minne yeye na Ngassa, kijana wa hapohapo kijijini, walikuwa wamejenga majiko arobaini na moja ya namna hiyo, nyumba kwa nyumba, udongo mpaka viwikoni. Jiko moja lilipika ugali kwa theluthi ya kuni za zamani. Akina mama wakaacha kwenda kukata matawi kwenye ngitili, lile pori la akiba ambalo kijiji hulifunga mvua zikianza ili ng'ombe wapate malisho kiangazi. Kila mtu alisifu. Sasa majiko yote arobaini na moja yalikuwa baridi. Wanawake walikuwa wamerudi kwenye mafiga matatu, tena nje, hadharani, ili yeye akipita auone moshi vizuri.

Yote hayo kwa ndoo moja ya maji.

Tusimtetee sana, ndoo yenyewe aliimwaga mahali pabaya. Mzee Ngeleja, baba yake Ngassa, alifariki wakati Maximiliana yuko Bariadi kwenye kikao cha ofisi. Alirudi alfajiri ya siku ya tatu, akaenda moja kwa moja msibani na unga kichwani, kama mtu mwenye adabu zake. Uani akakuta magogo makubwa matano ya mgunga yanawaka yenyewe. Hakuna sufuria juu yake, hakuna chai, hakuna chochote. Wanaume walikuwa wamelala kandokando, wamejifunika blanketi mpaka kichwani. Sasa mtu aliyeshinda mwaka mzima akihubiri habari za kuni, ulitaka afanyeje? Akayatenganisha magogo, akachota maji pipani, akamwaga. Tena akatabasamu. Mama mmoja alipotokeza mlangoni akamwambia, "Mama, kuni zilikuwa zinaungua bure."

Mama huyo alikuwa Milembe, mjane wa marehemu.

Kwao Maximiliana ni Lamadi, ziwani, kwa wauza samaki. Huko kwao msiba ni turubai na viti vya kukodi, na moto ni wa kupikia, basi. Hakujua kwamba kwa akina Ngeleja moto wa msiba huwashwa siku ya kifo na hauguswi mpaka matanga yaondolewe. Alijua kabla ya saa tatu asubuhi, maana wazee walikaa dakika kumi tu na kutoa uamuzi: asisemeshwe. Atakayemsemesha atatengwa pamoja naye.

Wakafanya kweli. Dukani alionyesha sabuni kwa kidole, na mwenye duka akampa huku anatazama ukuta. Domitila, mwenye nyumba wake, mwanamke ambaye zamani ungemwomba akupumzishe masikio, sasa walikuwa wakikutana mlangoni anainamisha kichwa na kupita upande. Maximiliana aliitisha kikao cha kikundi cha majiko. Walikuja mbuzi wawili, wakala ua wa mpapai na kuondoka.

Hayo yote angeyameza. Lililomkwama kooni ni Ngassa.

Ngassa alikuwa ameahidi kwamba pamba ikishauzwa angekwenda Lamadi na baba zake wadogo kujitambulisha. Walishazungumza mpaka majina ya watoto. Sasa zilikuwa siku tisa hajamwona ila kwa mbali, na kila akimwona, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kugeuka. Simu hapokei. Ujumbe anausoma, hajibu.

Simu iliita akiwa bado amekaa chini anashika kidole cha mguu. Akaidaka akidhani ni Ngassa. Alikuwa Method, msimamizi wake wa Bariadi.

"Vipi huko?" Method aliuliza.

"Tunaendelea, bosi."

"Mnaendelea wewe na nani?"

Maximiliana alilitazama jiko lililozima.

"Sikia, dada yangu," Method alisema kwa upole, na upole huo ulimtisha kuliko angefoka. "Siwezi kumweka mfanyakazi kwenye kijiji kisichojibu salamu yake. Kesho saa mbili asubuhi gari linakuja kukuchukua. Jumatatu unaanza Bukundi. Kule wametuomba majiko wenyewe."

"Nipe wiki moja."

"Wiki ya nini? Barua ya kuomba radhi si uliandika?"

"Niliandika."

"Wakajibu?"

"Hawakujibu."

"Basi funga mizigo," alisema Method, akakata.

Maximiliana alikaa na simu mkononi. Kwa mbali, kutoka upande wa nyumba ya akina Ngeleja, alisikia wanawake wakitwanga. Leo matanga yalikuwa yanaondolewa. Ndugu wangetawanyika, kila mtu angerudi shambani kwake, na kesho yeye angepanda gari bila kujua kama yule mwanaume alikuwa amemwacha au alikuwa amekatazwa tu kusema. Hilo la kutojua ndilo lililomnyanyua pale chini. Akanawa uso, akajifunga kanga, akatoka kwenda lamboni. Msiba usiwe msiba, ng'ombe lazima wanywe maji, na mnyweshaji wa ng'ombe wa nyumba ile alikuwa anamjua.

Alimkuta. Ngassa alikuwa amesimama maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, na maksai wawili wa kulimia mbele yake. Alikuwa amekonda. Ndevu zilikuwa zimemjaa, na shati lilikuwa linamning'inia mabegani. Alipomwona Maximiliana anashuka ukingo wa lambo alimtazama, na katika mtazamo ule mfupi Maximiliana aliona kila kitu alichokuwa amekimisi. Kisha Ngassa akageuza uso.

"Mwangaluka, Ngassa," alisalimia.

 Ng'ombe mmoja akapiga chafya.

"Nimesema mwangaluka!"

Ngassa akamgeukia maksai wa kushoto, mwekundu mwenye baka jeupe, aliyeitwa Mabula kwa sababu alizaliwa siku ya mvua. "Mabula," alimwambia, "leo kuna upepo."

"Mimi ndiye upepo?"

"Mabula, ungejua kusema ungemwambia huyo upepo kwamba wazee wamekataza. Na mimi nina mama mjane. Nikitengwa, nani atamlimia?"

Maximiliana alishika kiuno. "Ngassa. Unaongea na ng'ombe."

"Mabula, mwambie ng'ombe hawakukatazwa."

Kidogo acheke. Kama angekuwa amelala vizuri usiku hata mmoja katika zile tisa, angecheka. Badala yake hasira zilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Akaingia majini na viatu vyake, akasimama upande wa pili wa shingo ya Mabula.

"Haya! Mabula, mwambie bwana wako kwamba kesho saa mbili gari linakuja kunichukua. Nahamishiwa Bukundi."

Mkono wa Ngassa uliokuwa unamwagia maksai maji mgongoni ulisimama. Alitaka kumtazama, shingo ikaanza kugeuka, akaizuia.

"Mabula," alisema taratibu, "muulize anakwenda siku ngapi."

"Siendi siku. Nahama."

"Basi mwambie aende." Sauti ilikuwa imekauka. "Kama ameshaamua, aende. Siku tisa hizi ameshatuonyesha."

"Nimewaonyesha nini?"

"Tumeitazama njia, Mabula. Asubuhi tunaitazama, jioni tunaitazama. Hakuja."

"Sikuja? Nilikuja siku ileile mchana, dada yako akanifungia mlango usoni!"

"Alikuja mikono mitupu."

"Niliandika barua!"

"Barua tulisomewa, Mabula." Sasa Ngassa naye alikuwa anapandisha. "Ilikuwa na kumbukumbu namba. Ilikuwa na 'Yah: Kuomba radhi kwa tukio la kuzima moto'. Nakala kwa mtendaji wa kijiji! Msiba wa baba yangu umewekwa kwenye faili!"

"Ningefanya nini kingine kama hakuna anayenisikiliza?" Maximiliana alipiga maji kwa kiganja, yakamrukia Mabula, ambaye hakuwa na kosa lolote. "Na wewe acha mchezo huu. Mimi si ng'ombe wako. Niangalie! Unajificha nyuma ya wazee, na ukichoka unajificha nyuma ya ng'ombe. Kama hunitaki, sema. Sema kwa mdomo wako, nipande hilo gari nikiwa najua."

Ngassa alitupa fimbo majini.

"Nilikuwa nimelala pale, Maximiliana!"

Jina lake lilimgonga kifuani. Alikuwa hajalisikia siku tisa.

"Nilikuwa nimelala pale pembeni ya ule moto," Ngassa alisema, na sasa alikuwa anamtazama, macho mekundu, bila kujificha popote. "Siku ya kwanza na ya pili nilikuwa nauchochea mwenyewe. Mtu yeyote akitaka kunipokea nakataa. Maana pale ndipo baba alipokuwa anakaa jioni, na moto ukiwaka naona kama ameingia ndani mara moja, anarudi. Nikasinzia. Kulipokucha nikashtuka kwa baridi. Nikagusa majivu, yamelowa. Hapo ndipo nilijua kwamba baba amekwenda. Kaburini sikujua. Nilijua pale. Na aliyenijulisha ni wewe."

 Hasira zote alizokuja nazo zilimtoka, na zilipotoka hapakubaki kitu cha kushikilia. Alikuwa amewaza juu ya desturi, wazee, majiko na barua yake. Kijana aliyeamka pembeni ya majivu yaliyolowa hakuwa amemuwaza hata siku moja.

"Sikujua," alisema. "Ngassa, naapa. Ningejua ningekaa pale na mimi nichochee."

"Najua hukujua. Siku ileile niliwaambia. Nikawaambia mama na baba wadogo, huyu ni mtoto wa ziwani, hajui, lakini subirini, ataleta ukuni wake."

"Ukuni gani?"

"Ukuni. Wa kuuwasha tena."

"Ukuni gani, Ngassa?"

Akamtazama kama anayeshangaa anaulizwa jina lake. "Moto wa msiba ukizimwa na mkono wa mtu, mkono huohuo ndio unaourudisha. Unatoa ukuni nyumbani kwako, unaubeba kichwani, unapita njia kubwa watu wakuone, unakuja kuuwasha. Yanaisha hapo. Hakuna faini, hakuna maneno. Kila mtu anajua."

"Kila mtu yupi?"

"Kila mtu."

"Mimi nani aliniambia?"

"Sasa tungekuambiaje na tumekatazwa kuku..." Ngassa alisimama katikati ya neno.

Wakatazamana. Mabula akainua kichwa, maji yakimchuruzika mdomoni, akawatazama wote wawili.

"Rudia ulichosema," alisema Maximiliana.

"Nimekisikia."

"Rudia, Ngassa, nisikie vizuri. Maana nina siku tisa nimekaa ndani nasubiri mtu aniambie nifanye nini. Na ninyi mna siku tisa mmekaa uani mnasubiri nifanye!"

"Na wazee wamelala na baridi," Ngassa alisema, akijikuna ndevu. "Moto hauruhusiwi kuwashwa na mtu mwingine. Baba mdogo amepata kikohozi."

"Yesu na Maria."

"Mimi nilidhani hutaki. Nilidhani umeona sisi ni washamba, ukaona utuandikie barua yaishe. Kila jioni nasimama kwenye kona ya zizi natazama kama unakuja na ukuni. Mama ananiambia, mwanangu, yule hakupendi, anayekupenda angekuwa ameshafika."

Maximiliana alifunika uso kwa mikono. Alitaka kumkumbatia na alitaka kumzamisha humohumo lamboni, na hakujua lipi lianze. "Nipe ukuni," alisema. "Nipe hata tawi, nakwenda sasa hivi."

"Hauwezi kutoka kwetu. Utoke kwako."

"Kwangu nina mabua ya pamba."

"Hayo si ukuni. Hayo ni takataka za shamba."

"Ndiyo maana nayapikia! Kwangu hakuna kuni, Ngassa! Mimi ndiye mtu pekee kijiji hiki nisiye na ukuni hata mmoja, na nilikuwa najivunia!"

"Jua likipinduka wazee wanafagia majivu," alisema Ngassa. "Wakifagia, basi. Huwezi kuolewa kwenye nyumba ambayo moto wake uliuzima ukafagiwa umezima. Hata mimi nikitaka, hakuna baba mdogo atakayekwenda Lamadi kunisemea."

Ilikuwa inakaribia saa tano. Maximiliana alipandisha ukingo huku viatu vinatoa maji. Juu akageuka. "Umenisemesha. Watakutenga."

"Basi tutakuwa wawili," alisema Ngassa. "Kimbia."

Alikimbia. Nyumbani alizunguka chumba kama mwizi asiyejua alichokuja kuiba. Kitanda cha chuma. Kiti cha plastiki. Meza ya Domitila, si yake. Mwiko, lakini nani awashe moto wa msiba kwa mwiko? Akatoka nje, akazunguka nyumba, na pale mbele, kando ya njia, akakiona: kibao cha mradi. Nguzo nene ya mti iliyochimbiwa ardhini, na juu yake ubao uliopakwa rangi ya kijani, wenye maandishi meupe ambayo aliyachora mwenyewe: OKOA MITI. TUMIA KUNI KIDOGO.

"Nisaidieni jamani," alisema, bila kumwambia mtu.

Akaishika nguzo, akaitikisa, haikutikisika. Ngassa ndiye aliyeichimbia na Ngassa hakuwa mtu wa kazi nusunusu. Akaanza kuchimba kwa kipande cha bati. Kucha zikakatika. Alikuwa ameanza kutukana kwa sauti ndogo aliposikia kitu kikitua karibu yake. Domitila alikuwa amelaza jembe chini. Hakusema neno, alikuwa anatazama angani, lakini midomo ilikuwa imebanwa kwa nguvu ya mtu anayezuia mafuriko.

"Wabeja, dada," alishukuru Maximiliana, akachukua jembe.

Saa sita ilikuwa inatimia kibao kilipotoka. Akakunja kanga kuwa kata, akajitwisha. Mzigo ulikuwa mzito kuliko alivyodhani, na yeye hakuzoea kubeba kitu kichwani zaidi ya kilo tano za unga. Alipita njia kubwa. Alipita mbele ya duka, akapita mbele ya mashine ya kusaga, maandishi yakiwa yameelekea pembeni ili kila mwenye macho asome. Watu walitoka milangoni. Hakuna aliyecheka na hakuna aliyesalimia, lakini aliwasikia wanaanza kumfuata, miguu mingi kwenye vumbi nyuma yake. Shingo iliuma. Jasho likaingia machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta.

Uani kwa akina Ngeleja watu walikuwa wamejaa. Upande mmoja kulikuwa na mkeka, na juu yake dada zake wawili Ngassa wamekaa vichwa vikiwa vimenyolewa upya, vinang'aa. Shangazi mmoja alikuwa na wembe, na mbele yake alikaa Ngassa, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Alipomwona Maximiliana akasimama hivyohivyo, nusu kwa nusu. Mzee mmoja alikuwa tayari ameshika fagio.

Maximiliana alipiga magoti mbele ya Milembe, na mzigo bado kichwani, kisha akautua penye majivu.

"Mwadila, mayu," alimsalimia kwa Kisukuma.

Milembe, aliyekuwa amekaa chini ukutani na nguo nyeusi mabegani, aliutazama ule mzigo kwa muda mrefu. 

"Una rangi," alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu asubuhi ile. "Mama?"

"Ukuni wako una rangi. Utatutia sumu."

"Ndio pekee nilio nao, mama."

"Nyumba nzima huna ukuni?"

"Sina."

"Mwanamke mzima."

"Sina, mama. Napikia mabua ya pamba."

Mtu mmoja nyuma alikohoa ambavyo si kukohoa. Milembe akapumua kwa kuchoka, kama mama aliyetuma mtoto chumvi akaletewa sukari. "Ng'oa ubao. Nguzo inatosha."

Ngassa akapiga hatua. Mama yake hakugeuka hata kumtazama. "Wewe kaa, kichwa chako hakijaisha. Aliyezima ndiye anayewasha."

Maximiliana aling'oa ubao kwa jiwe, akautupa kando, akalaza nguzo kwenye majivu, akakusanya nyasi kavu. Mikono ikaanza kufanya ilichozoea: akachimba kijishimo chini ya nguzo ili hewa ipite, akapanga mawe mawili pembeni kubana joto.

"Anajenga jiko," alisema mzee mwenye fagio.

"Wala asithubutu," alisema Milembe. "Toa mawe hayo. Huu usiubane. Moto huu kazi yake ni kuungua bure. Sisi hatupiki kitu hapa, sisi tunakaa tu na mtu wetu mpaka tuzoee kwamba hayupo. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama."

Na alikuwa ameelewa. Alitoa mawe. Akapuliza, moshi ukapanda, na mwali ukashika upande wa nguzo usio na rangi. Alipoona umeshika alibaki amepiga magoti palepale, na maneno aliyoshindwa kuyaweka kwenye barua yakatoka yenyewe.

"Niliuzima moto wa baba na watoto wake wamelala. Tena nikatabasamu. Naona aibu, mama. Nisameheni."

Milembe alikuwa anautazama moto. Machozi yalimshuka bila sauti, na katikati ya machozi midomo ikaanza kutetemeka vingine. "Ile barua yako," alisema. "Nakala kwa mtendaji. Ngeleja angeicheka hiyo barua mpaka aanguke kwenye kiti." Akacheka yeye, kicheko kidogo kilichovunjika katikati, na mabinti zake wakamtazama kwa mshangao maana tangu mazishi hakuwa amecheka.

Hapo kimya cha siku tisa kikapasuka. Wanawake wote walianza kumgombeza kwa pamoja. Jiko la mmoja lina ufa na fundi hakuonekana. Mwingine ameungua vidole kwenye mafiga kwa ajili yake. Domitila alikuwa na malimbikizo ya siku tisa na aliyatoa yote kwa mkupuo, kuanzia maji aliyoyamwaga uani hadi namna alivyokuwa analia usiku bila kufunga dirisha. Maximiliana aliitikia kila mmoja, samahani mama, samahani dada, na hakuwahi kugombezwa akajisikia vizuri namna ile.

"Basi," alisema Milembe, na uani pakatulia. "Nimesikia kuna gari kesho."

"Ndiyo, mama. Saa mbili. Nahamishiwa Bukundi."

"Lirudi lilikotoka. Mfiwa hapandi gari kesho yake." Akamwashiria shangazi mwenye wembe. "Mkimaliza huyo kijana, mwingine ni huyu."

Ilichukua muda kabla Maximiliana hajaelewa kwamba "huyu" ni yeye. Mkono ukaenda kichwani wenyewe. Alikuwa amesukwa Bariadi, rasta ndefu mpaka mgongoni, kazi ya siku nzima.

"Mama, nywele zangu hizi nimesuka hata wiki mbili hazijaisha."

"Nimeziona. Fumua."

Ngassa alikuwa ameketi mkekani, anamtazama mbele ya mama yake, mbele ya baba zake wadogo na kijiji kizima, bila haraka na bila kugeuka.

"Wanaonyolewa ni watoto wa marehemu na wakwe zake tu," Domitila alimnong'oneza sikioni, akiona labda na hili halijui.

"Hiyo hata Lamadi tunaijua," alisema Maximiliana. Akaenda mkekani, akakaa katikati ya dada zake Ngassa, akainamisha kichwa na kuanza kufumua.